Kadi Niliyoijaza Mwenyewe

Vijana wangu wa ofisi ya kamusi, siku mliyoniaga mliniletea keki, saa ya ukutani na ombi. Keki wameimaliza wajukuu, saa inachelewa, basi nimebaki na ombi. Mlitaka niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta, ili msirudie makosa yetu. Mtayarudia tu, lakini angalau mtakuwa mmeonywa.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Niliingia nikiwa karani wa maneno na nimetoka nikiwa karani wa maneno. Katikati hapo walinipa majina marefu mawili matatu ya kiofisi ambayo mke wangu hakujisumbua kuyakariri, na mimi mwenyewe mengine nimeyasahau.

Nilianza miaka ile ya soko huria, pamba ilipoanza kununuliwa na kila mwenye lori na mizani. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu imetukuta hapa hapa tulipo, hatukusogea hata hatua. Ushirika ulikuwa umepungukiwa kazi, ukapangisha nusu ya ghala lake kwa kanisa, na kanisa likatukatia sisi kona tuandike kamusi ya Kisukuma na Kiswahili. Ukikohoa unatoa nyuzi za pamba. Meza zilikuwa mbili na kiti kimoja kizima.

Kadi zetu zilikuwa fomu za ushirika za kupokelea pamba, ndogo za ukubwa wa kiganja, ambazo hazikuwa tena na wa kuzijaza. Upande mmoja ulikuwa mweupe, na hapo ndipo tulipoandika. Upande wa pili ulikuwa umechapwa, na chini kabisa kulikuwa na mstari: Sahihi ya Mkulima. Maboksi ya kuzitunzia alitupa Mzee Salum, mwenye duka la viatu karibu na stendi, kwa sababu miaka hiyo viatu vilikuwa vimeanza kuja kwa wingi na maboksi yalikuwa yamemjazia duka. Ndiyo maana kwenye rejista za zamani mnakuta tumeandika "moccasin 42" mkadhani ni msimbo wa kitaalamu. Ni boksi la viatu tu, jamani.

Aliyenipokea ni Mzee Balthazari, katekista mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Aliniuliza jina. Nikasema Lameki Mihayo, Mihayo ni baba yangu, mtu wa Mkula, marehemu. Akacheka mpaka akavua miwani, maana mihayo kwa Kisukuma ndiyo maneno yenyewe. Akasema hakuna haja ya kuona vyeti, mtoto wa Maneno amekuja kukusanya maneno. Utani huo ulidumu ofisini miaka yote, na kila mgeni aliyekuja alisimuliwa kana kwamba ni habari ya jana.

Kazi ya siku ya kwanza ilinidhalilisha. Alinituma sokoni nikaulize habari za viazi vikavu. Nikarudi baada ya nusu saa na kadi mbili, michembe na matobolwa, na kwenye zote nimeandika maana moja: viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilijiona nimemaliza. Mzee Balthazari akasoma, akanirudisha sokoni na agizo moja, nikale. Nikala. Michembe hukatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa, na ukivitafuna bila maji vinakung'ang'ania meno kama vina kesi na wewe. Mama aliyekuwa akiniuzia alipoona naandika alinisikitikia, akadhani sikulelewa na mtu.

Hakukosea sana. Nilipelekwa shule za bweni za misheni nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto, na Kisukuma changu kilikuwa cha likizo. Nilijua salamu, chakula na matusi. Mambo ya jikoni, ya ukweni, ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, sikuwahi kukaa nyumbani muda wa kutosha kuyasikia.

Siku ile Mzee Balthazari alinifundisha sheria ambayo ninyi mnaisoma kwenye mwongozo kwa lugha ngumu. Usimwulize mtu neno hili maana yake nini, kwa sababu atakupa neno lingine ili uondoke. Mwulize linakaa na nani. Linapishana wapi na mwenzake. Nani analisema na nani halisemi. Kwenye kila kadi kulikuwa na sehemu ya neno, maana, majirani, jina la msemaji na kijiji. Majirani ndio waliokuwa wanampa raha. Angeweza kukaa asubuhi nzima na mzee mmoja wakitenganisha njia kumi za kubeba mzigo, kichwani, begani, mgongoni, kwapani, kila moja na neno lake. Na akiona kadi mbili zenye maana moja, alizirudisha kwa aliyezileta. Alisema ukiona hivyo hujauliza vya kutosha.

Kulikuwa na sheria ya pili, nayo ndiyo iliyoniokoa na kunitia aibu kwa pamoja. Ukishaandika kadi unamsomea msemaji kwa sauti. Akikubali, unafungua pedi ya wino, anaweka dole gumba nyuma ya kadi, pale pale kwenye Sahihi ya Mkulima. Aliyesoma na asiyesoma, wote dole gumba. Mzee Balthazari alisema neno ni mali ya mtu, na halitoki kwake kama halina alama yake.

Nyumbani sasa. Nilikuwa nimeoa, na mtoto wetu wa kwanza, Nkwimba, alikuwa ameanza kutambaa. Mama Nkwimba ni mtu wa Mwanhuzi, mpole, mchapakazi, na nyumbani tulizungumza Kisukuma tu. Kitu kimoja kilikuwa kinaniuma. Mtu akimwuliza mumeo anafanya kazi gani, hakusema anakusanya maneno. Alisema anakusanya midomo. Midomo ya watu! Majirani wakicheka, yeye hacheki, anaendelea kupepeta. Akimtuma mtu aniite ofisini, atasema kaniitie baba Nkwimba kule kwenye midomo. Nilimwambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Aliinamisha macho, na wiki iliyofuata nikasikia midomo tena. Nikajua basi, mke wangu anaidharau kazi yangu, anaiona ya umbea. Jambo hilo nililibeba miaka tisa bila kumwambia mtu, na nawaambia lilikuwa zito.

Katika miaka hiyo ndipo tukatumwa Mwandoya kukusanya maneno ya anga na majira. Nilikwenda na lori lililokuwa likifuata pamba, baiskeli yangu imefungwa juu ya magunia. Kila niliyemwuliza nani anayajua maneno ya majira vizuri alinielekeza kwa mtu mmoja, Minza, mjane wa makamo aliyekaa kwenye mji, yaani kaya, wa baba mkwe wake, Mzee Mabula. Mumewe, Sayi, alikuwa amefariki. Alibaki na watoto wawili, shamba la pamba na kazi isiyoisha.

Sijapata tena msemaji kama yule. Alikuwa anapalilia huku anajibu, na mimi namfuata kwenye matuta na boksi mkononi. Alinipa neno la mvua ya kwanza inayolaza vumbi tu, na la ile inayokuja na upepo ikaangusha mtama, na la manyunyu yanayomdanganya mkulima akapanda mapema. Kila neno alilipa jirani zake bila kuulizwa. Kila kadi nilimsomea, akaweka dole gumba lenye udongo, na udongo ukachanganyika na wino. Siku mbili tu nilijaza boksi zima, na nilikuwa na furaha ya kijinga.

Ila kulikuwa na jambo moja. Nilipomwuliza hizo zote kwa pamoja zinaitwaje, hakusema mbula. Mbula ndiyo mvua kwa Kisukuma, hata mtoto mdogo anajua. Yeye alitumia neno ambalo kwa Kiswahili ningeliandika ziteremkazo. Nikauliza kwa njia nyingine. Ziteremkazo. Nikauliza mara ya tatu, akaniangalia kidogo, akarudi kwenye jembe lake. Nikaandika ziteremkazo kwenye kadi, akaweka dole gumba, tukaagana vizuri.

Njiani nikasimamisha baiskeli. Boksi zuri namna ile, halina neno mama! Nani atafungua kamusi aone mvua za kila aina halafu asione mvua? Nikatoa kadi nyeupe, nikaiweka juu ya tandiko la baiskeli, nikaandika: mbula. Maana: mvua. Jirani: ziteremkazo, kisawe, yaani neno jingine la maana ile ile. Msemaji: Minza, mke wa marehemu Sayi. Kijiji: Mwandoya. Nilijiambia hata yeye angelisema, ni vile tu alikuwa amechoka.

Miezi ikapita, tukapiga chapa kijitabu cha maneno ya majira, cha majaribio, kwa haraka, bila Mzee Balthazari kukagua kadi moja moja. Utaratibu wetu ulikuwa kukirudisha kijijini na kukisoma mbele ya wenyewe ili watusahihishe. Pale Mwandoya walitupa ghala la pamba, watu wakakaa juu ya magunia, wazee mbele, wanawake upande wa mlangoni. Mzee Balthazari alinipa heshima ya kusoma. Nilisoma kwa madaha, kila neno na jina la aliyelisema, maana watu wanapenda kusikia majina yao. Kulikuwa na vicheko, kulikuwa na kubishana kidogo kuhusu manyunyu.

Nikafika kwenye ukurasa wenyewe. "Mbula," nikasoma. "Msemaji, Minza, mke wa marehemu Sayi."

Nikainua macho nikaona wanawake wameshika midomo. Minza alijifunika kichwa kwa kanga, akasimama, akatoka bila kumtazama mtu. Pale mbele Mzee Mabula alikuwa ameinamia fimbo yake. Nikamgeukia Mzee Balthazari nimuulize nimekosea ukurasa au nini, akanichukulia kijitabu mkononi akakifunga.

Alinieleza nje, kwa sauti ya chini, kama anamweleza mgonjwa. Mzee Mabula aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Jina lake ndilo mvua. Na mkamwana wa kwetu aliyelelewa vizuri halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno linalolibeba, tangu siku anaingia kwenye mji ule hadi anakufa. Anatafuta neno lingine pembeni. Wanawake wana maneno hayo, wanarithishana, wanayatunga, wanaelewana. "Zile kadi mbili hazikuwa na maana moja," akasema. "Moja ni mvua. Nyingine ni mvua pamoja na heshima ya mkwe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko aibu yangu. Shemeji yake Minza, mdogo wa Sayi, anaitwa Masunga, alikuwa anatafuta sababu tangu kaka yake afe. Tuliporudi ndani alisimama mbele ya wote akasema mwanamke aliyemtaja baba mkwe mbele ya karani wa ofisi, mpaka jina likachapwa kitabuni, hana heshima tena ya kukaa kwenye mji ule. Akatangaza kwamba kesho yake ukoo utakaa, na Minza atarudishwa kwa kaka zake Mwanhuzi. Nanyi mnajua mambo yetu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa, watoto walikuwa wa ukoo wa Mabula. Angeondoka peke yake.

Nikamwambia Mzee Balthazari ukweli, kwamba kadi ile nilijaza mwenyewe. Alinitazama muda mrefu kupitia miwani yake ya uzi. Hakufoka, na ningependa angefoka. Aliniuliza nimejaza ngapi za namna hiyo. Nikasema moja tu. Akaniuliza nani atakayeniamini. Nikiungama mbele za watu, maboksi yangu yote saba yatakuwa na shaka, kazi yangu ya miaka yote itarudiwa kadi kwa kadi, na huenda kanisa likaona halina haja na karani anayewawekea watu maneno kinywani. Halafu akasema uamuzi ni wangu, kwa sababu kalamu ilikuwa yangu.

Sitajidai shujaa. Niliwaza kukaa kimya. Niliwaza kusema ni kosa la mpiga chapa, na kwa kweli mpiga chapa wetu alikuwa na makosa ya kutosha, moja zaidi lisingeonekana. Lakini kila nikifumba macho niliona lile dole gumba lenye udongo.

Asubuhi tukaenda kwenye mji wa Mzee Mabula, mimi na Mzee Balthazari na boksi. Ukoo ulikuwa umekaa uani. Minza alikuwa amekaa chini upande wa jikoni, watoto wake wamemwegemea, na mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, mdogo, kitenge kimoja tu. Salamu zilikuwa ndefu na za baridi. Nikasema niliyokuwa nimekuja kusema: hakulitaja, nimeliandika mimi, kwa jina lake, bila kumwuliza.

Masunga akacheka. Akauliza karani huyu kalipwa nini ili amtetee mwanamke. Akasema neno liko kitabuni, jina liko kitabuni, kitabu hakisemi uongo. Kwa mara ya kwanza maishani nilichukia kitabu.

Mzee Mabula hakuwa anajua kusoma. Basi sikumsomea. Nilimwomba ruhusa, nikatandika gunia mbele yake, nikazipanga kadi zote za Minza kifudifudi, upande wa nyuma juu. Zilijaa gunia. Nikamweleza habari ya dole gumba. Mzee akainama, akaanza kuzigusa moja moja kwa kidole, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Bluu na udongo. Bluu na udongo. Hakuruka hata moja. Akafika kwenye moja iliyokuwa nyeupe, mstari wa Sahihi ya Mkulima mtupu, akasimamisha kidole hapo.

"Hii ya nani?"

"Ya kwangu, baba."

Akaiinua akaiweka kando, mbali na zile nyingine, akafuta mkono wake kwenye shuka lake. Kisha akaniambia nichukue yoyote yenye alama ninayodhani inafaa, nimsomee. Nilijua ni ipi. Nikasoma: ziteremkazo.

Mzee Mabula akawafukuza kwa fimbo kuku waliokuwa wakitusogelea. Halafu akaongea, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, maana nilimwomba baadaye nami nikamwekea kadi.

"Hilo neno nalisikia kutoka jikoni kwangu tangu huyu aolewe. Wingu likitanda tu, analisema. Mwanangu alikufa, nikadhani ataliacha. Hakuliacha. Mnafikiri nilikuwa sijui kwamba ananisalimu mimi?"

Akamgeukia Masunga, akamwambia aende akaufungue ule mzigo kwa mikono yake mwenyewe na kukirudisha kila kitu mahali pake. Masunga akaenda. Kisha akanigeukia mimi, akasema mkamwana wake haendi Mwanhuzi wala wapi, anayeondoka ni karani, na akirudi arudi na masikio. Watu wakacheka hapo, na mimi nikacheka, ingawa machozi yalikuwa yananitoka na sikuona sababu ya kuyaficha. Minza hakucheka wala hakulia. Aliwaachia watoto wakacheze, akaingia jikoni kupika.

Tulipomaliza kula alinisindikiza hadi kwenye baiskeli, kama heshima inavyotaka. Nikaanza kuomba radhi upya, akanikatiza. Akasema amenisamehe tangu nilipopanga zile kadi, ila kuna kitu kinamshangaza. Mwanamume Msukuma, ameoa, ana mtoto, anazunguka vijiji vyote kuuliza wanawake wanaitaje hiki na kile. Inakuwaje halijui jambo hili?

"Baba yako anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni marehemu, aliitwa Mihayo.

Akanitazama. Nikaona kicheko kinamjia kwa mbali, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Na mkeo, hiyo kazi yako anaiitaje?"

Nilibaki nimeshika usukani wa baiskeli kinywa wazi, mpaka Mzee Balthazari akaniuliza kama naumwa.

Njia nzima juu ya lori nilikuwa nakumbuka. Kliniki, nesi akiuliza jina kamili la mtoto, mama Nkwimba alimpa kadi ya kliniki asome mwenyewe, nami nikadhani anaonea haya Kiswahili chake. Kanisani, padri akisoma Injili kwa Kisukuma na watu wakiitikia kwamba hayo ni maneno ya Mungu, yeye alitikisa kichwa tu, midomo imefungwa. Na zile mara mbili nilizomgombeza, aliinamisha macho. Angenijibu nini? Kunieleza kwamba halitaji lile neno, ingembidi alitaje, au anifundishe mimi mwana wa Mihayo kumheshimu Mihayo. Alichagua kuonekana ana dharau. Miaka tisa nilikuwa naheshimiwa ndani ya nyumba yangu mchana kweupe, na mimi nimenuna.

Nilifika Bariadi jua likiwa bado juu. Nilimkuta uani anachagua choroko kwenye ungo. Sikumsalimu vizuri hata. Niliketi chini mbele yake, na mimi huwa siketi chini, nikatoa kadi, nikatoa penseli, nikafungua pedi ya wino. Akasimamisha mikono. Nikamwuliza kama nilivyofundishwa kumwuliza msemaji, kwa adabu, kile ninachokusanya huko ofisini yeye anakiitaje.

Akanitazama, kisha akaitazama kadi. Uso ukamlegea.

"Midomo," akasema. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Leo ndiyo umeuliza."

Yaliyobaki ni ya kiofisi. Kadi zangu zilirudiwa zote, kiangazi kizima, kijiji kwa kijiji, nami nilipanda baiskeli mpaka magoti yakanidai likizo. Haikupatikana nyingine tupu. Kanisa halikunifukuza, nadhani kwa sababu Mzee Balthazari aliwaambia karani aliyekosea mara moja ni bora kuliko yule wanayemtafuta asiyewahi kukosea. Kwenye kamusi tukaanzisha sehemu ya maneno ya ukweni, ambayo ninyi mmeiweka kwenye kompyuta kwa rangi ya kijani, na wanawake waliokuwa wakikwepa maswali yetu wakaanza kutuita wenyewe. Mzee Balthazari tulimzika Bariadi. Minza ana wajukuu sasa, na mvulana mmoja kati yao amepewa jina la babu yake mkuu, kwa hiyo wakati wa masika bibi huyo bado hawezi kusema kinachonyesha.

Mmeniuliza kama nilichukua kumbukumbu yoyote ofisini, maana kwenye boksi la herufi M kuna nafasi ya kadi moja na rejista inaonyesha ilikuwepo. Ndiyo, nimeichukua, msiitafute. Mbele nimeandika midomo, na penye majirani nimepaacha wazi, kwa sababu ningepajaza ningemlazimisha asikie nikilisoma lile neno asilolitaja. Nyuma, kwenye Sahihi ya Mkulima, kuna dole gumba la mama Nkwimba, wino wa bluu na vumbi la choroko.